Fireball Si Mpira

Doornfontein, Johannesburg, 9 Agosti 2017

Dada Célestine,

Kosa la wengi ni kulikata neno hili la Kiingereza, fireball, vipande viwili: fire, moto, na ball, mpira. Ndiyo maana ulipoona picha niliyokutumia ya karatasi ya hospitali uliniuliza, "Kaka, tangu lini Pitchou anacheza mpira kazini?"

Fireball ni kimondo kikubwa kinachowaka angani. Pia ni mtu mwenye bidii isiyozimika. Bosi alimwita mwanao Pitchou hivyo. Kwenye karatasi hiyo, lakini, ni wingu la moto lililomfunika gesi ilipolipuka karakanani.

Nakuandikia kwa WhatsApp kwa sababu nimeshindwa kukuambia kwa simu. Madaktari wamesema hatapona.

Bado anasikia. Piga simu leo. Muuguzi ataiweka sikioni pake.

Kaka yako,
Théodore