Mnara wa Kumi na Tisa

Jotomana, Guajira

Kaka yangu mpendwa Wilfrido,

Pokea salamu zangu, zikukute mzima wewe, wifi Nubia na wanangu wote huko Maracaibo. Je, mgongo wako umepona? Sisi miili ni mizima. Mvua imetusahau tangu mwaka juzi, mbuzi wamekonda hadi mbwa anawaonea huruma, na Mjomba Olegario bado anagombana na redio kama kawaida yake. Anakusalimu. Anasema umenenepa huko ndiyo maana hupiti mpakani.

Habari za mama nilikupa kwa simu: alifariki Jumatano, hakuteseka, tumemlaza kwenye makaburi ya ukoo, ubavuni mwa bibi. Mpaka ulifungwa, usijilaumu. Ila lipo jambo nililoshindwa kulisema, maana ningelia na Mjomba angesikia. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka ule mwaka wa ukame, mama alipotuhamishia kilimani na mbuzi, mdogo wetu akashikwa na kuhara akatufia kule kule. Tulimzika alipofia, mawe manne na msalaba wa mti wa dungusi. Tangu hapo mama hakuwa na wimbo mwingine ila huu: Mwakani nitamfukua, nitamwosha mifupa kwa mikono yangu, nitampeleka kwa bibi yake. Asipolala na watu wake, tutakutana vipi kule Jepira waendako wafu? Na kila mwaka mbuzi hawakutosha kuwalisha waombolezaji. Wewe unawajua watu wetu: machozi mengi, matumbo makubwa zaidi.

Halafu wakaja watu wa upepo, wenye minara ya kufua umeme. Kwa kuwa nilimaliza shule, walinipa kofia ngumu na kazi ya ukalimani. Walisema dunia inaungua kwa moshi, na upepo wetu hauna moshi, basi utawasaidia watu wote. Mjomba akawajibu kwamba upepo huo umemng'olea paa mara tatu, wauchukue tu, na vumbi lake wasiliache. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Waliahidi pia mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ya kisima. Mimi nikamfikiria mama na yale madumu yake.

Siku ya kuandikisha makaburi alikuja injinia kijana na fomu. Kila kaburi na mstari wake: mahali, jina la marehemu, umri. Mjomba akakunja uso. Akaniambia nimweleze huyo alijuna, huyo mtu asiye wetu, kwamba mwenye adabu hatamki jina la maiti mbele ya nduguze. Kama anayataka sana majina, alale pale makaburini awaulize wenyewe. Injinia akacheka, akadhani anataniwa. Makaburi yetu yaliyopakwa chokaa aliyaona kwa macho yake, akayaandika bila majina. Lile la kilimani lilikuwa limefunikwa na mchanga. Mstari wake ukabaki mtupu, na kwenye ramani yao kilima kikawa hakina mtu.

Mwaka jana mama alimwota mdogo wetu akilalamika kwamba juu yake kuna kelele, hapati usingizi. Ndoto ya namna hiyo haipuuzwi. Macho ya mama yalikuwa yameshazima, lakini akasema safari hii lazima, hata kwa mbuzi wawili. Nikatangulia kilimani peke yangu na koleo. Kaka, ole wangu! Nilikuta mnara wa kumi na tisa umesimama, mapanga yake yanazunguka, na chini ni zege tupu. Msimamizi akaniambia kwa upole kwamba walichimba shimo refu kama kisima, udongo wakaumwaga korongoni. Hapa hapakuwa na kitu, dada, tazama ramani.

Sasa nakuungamia. Ulisikia kwamba mama alimfukua mwanawe, na watu walilia, na pombe ya chirrinchi ilinyweka. Haikuwa mifupa ya mdogo wetu. Ilikuwa ya mwanambuzi aliyekufa kwa kiu. Niliisugua kwa jivu, nikaifunga kwenye kitambaa cheupe, nikaifukia karibu na njia ya kilimani, chini ya mawe manne. Wengine walisimama mbali wakilia wamejifunika nyuso, kama ilivyo desturi, na mama peke yake akaishika mifupa. Aliuliza kichwa kiko wapi. Nikamwambia alikuwa mtoto, kichwa kimeoza. Akaupapasa mfupa wa kwanza, kisha akaiosha yote, akalia kilio ambacho sijakisikia tena.

Na si hilo tu. Siku ya fomu injinia aliniuliza mara mbili kama kilimani kuna kaburi. Kutamka ni mwiko, lakini kuandika si kutamka, na kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nimesikia kwamba kaburi likionekana, minara itahamishiwa kwa majirani, na mashine ya maji nayo. Nikatikisa kichwa kwamba hakuna. Mashine ilifanya kazi miezi minne ikafa, inangoja kipuri. Umeme unapita juu ya vichwa vyetu kwenda mjini, nami nakuandikia kwa koroboi.

Usiku wa mwisho mama aliniita kwenye machela yake ya kuning'inia. Akasema kaka yako akija, msimfungulie kile kitambaa, moyo wake mwepesi. Kisha akanipapasa uso. Mwanamke aliyechinja mbuzi miaka sitini, Wilfrido! Alijua tangu mfupa wa kwanza, akaosha hadi wa mwisho ili nisiaibike.

Mjomba hajui. Njoo umweleze, kwani mimi siwezi, kisha mkadai angalau udongo wa korongoni tuulaze kwa mama. Mkinifukuza nitaondoka. Msalimie wifi, wabusu watoto, kunywa dawa zako.

Ule mstari nilioacha mtupu naujaza hapa. Nakuomba usiusome kwa sauti.

Mahali: kilimani, chini ya mnara wa kumi na tisa.
Jina la marehemu: Yolima Jusayú.
Umri: miaka sita.

Aliyeandika ni mimi, dada yako,
Zunilda