Mbegu za Pembe Mbili za Khanga

Mama,

Shikamoo. Najua hutajibu, lakini nikianza barua kwako bila shikamoo utanisema hata huko uliko. Ni mimi Kabula, mwanao wa kwanza. Naandika nikiwa bwenini hapa chuoni Butimba, Jumapili mchana, na udongo wa jana bado umo kwenye kucha. Mvua za kwanza zimenyesha wiki hii. Mwaka jana zilipoanza ulikuwa na miezi mitano tangu utuache, na nilifanya jambo ambalo mpaka leo sijakuambia. Leo nasema yote.

Kwanza habari za nyumbani, maana hujui hata tunakaa wapi. Tumehama, Mama. Zamu yetu ya kuingia kijiji cha ujamaa ilifika mwezi wa nane mwaka jana. Lori lilikuja asubuhi, tukapakia vitanda, vyungu, kuku na mlango wa nyumba. Sasa tupo kando ya barabara ya Shinyanga, upande wa Buhongwa. Nyumba zimepangwa mstari mmoja, ukipiga chafya jirani wa tatu anakuambia pole. Si pabaya. Bomba la maji lipo karibu, na mdogo wangu Minza haendi tena mwendo wa saa nzima kufika shule. Baba yumo kwenye kamati ya shamba la pamba la kijiji, na anajifanya amechoka na vikao, lakini siku isiyo na kikao hakaliki naye. Kule ziwani tumeacha kuta za nyumba, ua wa minyaa, na wewe.

Hayo ndiyo yaliyobadilika. Sasa kosa langu.

Unakumbuka likizo ya Pasaka, ile ya mwisho? Nilikuwa napiga pasi sketi yangu ya chuo, ukaniita kutoka jikoni: "Kabula, njoo nikuonyeshe hizi mbegu kabla sijasahau." Hukuwa mtu wa kusahau. Ulikuwa unakohoa tayari, na nadhani ulijua. Mimi nikakujibu bila hata kuinua macho, "Likizo ijayo, Mama." Ukasema, "Haya. Likizo ijayo." Mama, nimeyarudia maneno hayo mawili mara nyingi kuliko sala yoyote.

Baada ya msiba nilipanga vitu vyako. Nikaikuta ile khanga yako ya kahawia iliyochakaa, mbegu zimefungwa kwenye pembe zake mbili. Pembe moja ilikuwa na fundo moja, ya pili mafundo mawili. Nikafungua zote. Mbegu za huku na za kule zilikuwa zilezile: bapa, rangi ya udongo mkavu. Nikasema moyoni, maskini Mama, khanga nzima imefungwa mafundo kwa mbegu za aina moja. Nikazimimina zote kwenye kopo moja, nikabandika karatasi, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ualimu: MBEGU ZA MAMUMUNYE. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Na ulikuwa umeshaniambia. Wakati ule ulipoanza kisomo cha watu wazima, ukawa unaandika jina lako kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko mpaka Baba akauliza kama nyumba imeuzwa, nilikushauri uandike na majina ya mbegu zako. Ukacheka. "Karatasi huliwa na panya. Fundo haliliwi." Nilidhani ni ubishi wa mtu mzima.

Mvua zilipoanza nikaenda nyumbani Jumamosi, nikashika jembe. Kiwanja chetu cha sasa ni kidogo, hivyo nilipanda mbegu zote mahali pamoja, nyuma ya jiko. Zikaota zote. Zikatambaa, zikapanda juu ya paa, maua meupe yakawa yanafunguka jioni, na majirani wakawa wanapita kusifia. Minza alikuwa akiniambia kila wiki urefu wa mashina kana kwamba ni watoto wake. Nilifurahi sana, Mama. Kwa mara ya kwanza niliona kuna kitu chako kimehama pamoja na sisi.

Mwezi wa kwanza nikachuma manne, machanga, laini. Nikayakatakata kwenye chungu kimoja, nikaunga na karanga za kutwanga, nikasonga ugali wa mtama. Minza alitia tonge moja mdomoni akakimbilia mlangoni kutema. Nikaonja na mimi. Chungu kama shubiri, ulimi ukafa ganzi. Nikamgeukia Baba nimwambie asile. Baba alikuwa anakula. Anatafuna taratibu, anameza, anachukua tonge jingine. Nikamwambia, "Baba, acha, ni chungu." Akasema, "Mboga nzuri," akaendelea mpaka bakuli likabaki jeupe.

Kabla ya saa kumi alikuwa anatapika. Mpaka jua linazama hakuweza kusimama. Balozi wetu wa nyumba kumi alileta baiskeli, tukampakia, Minza akamshika mgongo, mimi nikasukuma mpaka zahanati. Wakamnywesha maji yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Nilikaa nje kwenye benchi nikifikiri, nimemzika Mama mwezi wa tano, sasa namuua Baba kwa mbegu za Mama. Sikulia. Niliogopa nikianza sitaweza kunyamaza.

Alipata nafuu siku ya tatu. Nikamuuliza kwa nini alikula wakati ulimi unamwambia. Akatazama pembeni. "Ni mboga ya mama yenu," akasema. "Ya kwanza tangu afe. Ningeitema vipi?"

Mama, huyo ndiye mume wako. Yule aliyekuwa akilalamika chumvi ikizidi kidogo.

Lakini tuliporudi nyumbani alibadilika. Aliyatazama yale mashina juu ya paa, akamwambia Minza alete panga. "Ng'oeni yote. Mambo ya vibuyu yameisha kwenye nyumba hii. Tutanunua ndoo." Basi nikasimama pale katikati ya Minza na paa. Kopo lilikuwa tupu. Mbegu zote zilizokuwa duniani, zile ulizokuja nazo ukiwa bibi harusi, ulizopewa na mama yako, zilikuwa juu ya paa lile. Zikikatwa siku ile, zimekwisha, na aliyezimaliza ni mimi, mwalimu mtarajiwa.

Nikamwambia Baba ukweli. Nilimweleza khanga, pembe mbili, mafundo, kopo, karatasi. Nilitegemea anifokee. Akauliza neno moja: "Ulionja?"

Kuonja nini? Ndipo akaniambia ambayo ungeniambia wewe Pasaka ile. Kwamba mbegu za fundo moja ni za mamumunye ya kula, na za mafundo mawili ni za vibuyu, na za vibuyu ni chungu, wala hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha. Kwamba mumunye likipandwa jirani na kibuyu, mbegu zake huambukizwa uchungu, ndiyo maana ulipanda ya kula nyuma ya nyumba na vibuyu ukavipeleka kule nyuma ya zizi, kwenye mawe. Na kwamba hata hivyo hukuamini, kwa hiyo kila mwaka matunda yakiwa machanga ulipita shina kwa shina, unakata kipande chembamba, unagusisha ulimi, unatema. "Alfajiri, kabla hamjaamka," Baba akasema. "Wewe ulifikiri anatemea nini?"

Mama, nilikumbuka. Nilikuwa nimemleta rafiki yangu mmoja wa chuo, tukaamka mapema, ukatokea bustanini unatema huku na huku, na mimi nikaona aibu nikakuambia, "Mama, wageni wanaona." Ukanijibu, "Mate ni yangu." Rafiki yangu alicheka siku nzima. Mimi nilinuna. Kumbe ulikuwa unatulinda, kila mwaka, kwa ulimi wako, na hakuna aliyekushukuru.

Tulionja siku ileile. Baba alikuwa bado dhaifu, akakaa kwenye kigoda, nami nikawa nakata na kugusisha. Alipotaka kuonja yeye nikamkatalia. Akasema, "Nipe, mimi nimeshazoea." Minza alicheka mpaka akakaa chini, na Baba naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kicheko kusikika kwenye nyumba ile mpya. Mashina kumi na moja. Matano yalikuwa chungu, tukayafunga vitambaa vyeusi. Panga likarudi ndani.

Vibuyu vilikomaa vizuri, vyenye shingo ndefu kama vyako vya kusukia maziwa. Hatuna ziwa la kuviloweka tena, tuliviloweka kwenye pipa la jirani, na harufu yake ungeijua. Unakumbuka ulivyokuwa unavifunga kwa kamba chini ya mawe majini, na sisi tunakataa kuoga upande ule, unatuambia samaki furu wenyewe hawalalamiki? Minza amekuwa fundi. Anatoboa kwa msumari wa moto, anashona ufa kwa uzi wa mkonge, anaziba kwa nta, vilevile ulivyomfundisha wakati mimi nipo na vitabu vyangu. Wanawake wa Mabatini waliokuwa wanakuletea wewe vibuyu vilivyopasuka, sasa wanamfuata yeye mpaka Buhongwa. Ananifundisha na mimi. Ni mwalimu mkali, mdogo wangu huyu. Kibuyu nilichoshona mimi kinavuja, tunakiwekea chumvi.

Ila mbegu, Mama, haziaminiki tena. Zimekaa jirani msimu mzima. Hata za mashina matamu huenda zimebeba uchungu, na mwaka huu tungezipanda tena pamoja ingekuwa mbaya zaidi. Kiwanja hakitoshi. Ilibidi kuchagua, kula au vibuyu. Nilipomwambia Baba, alikaa muda akichora chini kwa kijiti, kisha akasema, "Nafasi ipo. Kule."

Hakusema kule wapi. Hakuwa amerudi tangu tuhame, Mama. Kila nilipomwambia twende tukakusafishie kaburi, mara ana kikao, mara mguu, mara pamba imeshambuliwa na wadudu. Nilimkasirikia kimyakimya mwaka mzima. Nilidhani amekusahau.

Jana tulikwenda, sisi watatu, tumeondoka asubuhi na mapema na mbegu za vitambaa vyeusi. Kuta zimeanguka upande mmoja. Minyaa imezidi kunenepa. Majani yalikuwa yamekufunika, tukafyeka, Minza akapanga mawe upya. Baba alivua kofia akasimama. Unajua kwetu mtu hahami bila kuwaaga waliolala pale. Akasema nawe kwa Kisukuma, sauti ya kawaida tu, kama anayeongea na mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Akasema tulihama. Akasema, "Sikukuaga. Lori lilikuwa linanguruma, dereva anapiga honi, nikaona aibu kupiga magoti mbele ya watu." Kisha akakuelekeza: barabara ya Shinyanga, ukifika kwenye bomba uhesabu nyumba saba, mlango ni uleule wa zamani. Akarudia mara mbili, usipotee.

Hapo ndipo nililia, Mama. Si machozi yote yalikuwa ya huzuni. Mengine yalikuwa ya kumkasirikia mtu bure kwa mwaka mzima.

Halafu akapiga magoti akachimba kwa mikono. Yeye, aliyekuwa akisema bustani ni ya akina mama. Mashimo sita, pembeni mwa miguu yako, mbegu mbili mbili. Tulipotaka kumsaidia akatusukuma kwa kiwiko. Ya kula tumeyapanda Buhongwa nyuma ya jiko, mbali kabisa na haya. Baba anasema itachukua misimu mitatu, pengine minne, ya kuonja na kung'oa, mpaka uchungu ukae kwako wote na utamu ubaki kwetu. Sina haraka. Safari hii sitasema likizo ijayo.

Basi pumzika, Mayu. Nakuita hivyo kwa Kisukuma kama zamani, ingawa nimeandika Mama barua nzima. Mwezi wa kwanza, matunda yakiwa machanga, nitaamka alfajiri na kisu kidogo, nipite shina kwa shina, nyuma ya jiko kwanza, kisha huko kwako. Mwaka huu, na mwaka ujao, na unaofuata. Nitaonja mimi. Baba ameshakula sehemu yake.

Mwanao,
Kabula