Betri za Ijumaa

Jumatano, 11 Juni 1997

Nimefagia chumba. Nimekifagia tena. Hakina uchafu, ila mkono unataka kazi.

Mama mkwe amekaa mlangoni kwangu kama kawaida, anapukuchua mahindi. Asiyemjua angedhani anapunga upepo. Ananilinda. Niko eda. Mume wangu Asumani alifariki mwezi uliopita, lori lake lilipinduka. Akazikwa kwao Busiu, na baada ya mazishi hawakunirudisha Jinja. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ovyo, hajipambi, haposwi. Hiyo ni dini yangu, siikatai. Lakini eda hukaliwa kwenye nyumba uliyoishi na mumeo, na yetu ilikuwa chumba cha kupanga Mpumudde, Jinja. Nilisema. Wakaniuliza kodi atalipa nani. Basi niko hapa Namakwekwe, Mbale, chumba cha nyuma, dirisha moja.

Redio ya nyumba imefunikwa kitambaa tangu msiba. Siku nzima nasikia mahindi yakidondoka kwenye beseni. Ta, ta, ta. Nitapiga kelele siku moja.

Jumapili, 15 Juni

Wazo. Jinja nilimshonea mapazia mama mmoja wa Kihindi. Kijana wake alikuwa akilala kochini, kimashine cha sidi, zile santuri ndogo za kung'aa, kifuani, nyaya masikioni, anatikisa kichwa peke yake. Mimi nilikuwa chumba hichohicho na sikusikia kitu. Wakati ule nilimwona mpumbavu.

Nimemwambia Mama mkwe nataka mashine kama ile, ya kusikilizia Qurani, isiyomsumbua mtu. Pesa ni yangu, ya cherehani. Amefikiri mpaka chai ikapoa. Akasema, "Kama ni ya Qurani, hapana mbaya." Nimemwandikia dada yangu Zaina, dereva wa teksi ataipeleka barua Jinja.

Jumapili, 22 Juni

Zaina amekuja! Tumelia, tumecheka, tumelia tena. Mashine ameinunua kwa Mhindi pale Main Street. Ya mviringo, ya kijivu, kama sahani yenye kifuniko. Mhindi aliijaribu mbele yake, akamwonya: iwekwe mahali palipotulia. Ukitembea nayo, wimbo unaruka. Ikitikiswa inaruka. Eti ndivyo zilivyo zote.

Nimecheka kwa uchungu. Hata mashine inataka nikae.

Sidi ni mbili. Ya Qurani ameileta mkononi, watu wote waone. Ya pili, magitaa ya Kikongo, ameifunga ndani ya leso. Zaina haogopi mtu. Kabla hajaondoka kaninong'oneza kwamba cherehani yangu iko kwake, kaifunika vizuri, na nisimkubalie mtu neno lolote hapa. Nikamuuliza neno gani. Akanikumbatia, akatoka.

Jumatatu, 23 Juni

Qurani asubuhi. Nimelia vizuri, kilio cha kupumua, si kile cha kuonyesha wageni. Mchana nimetia magitaa. Asumani alikuwa anacheza vibaya jamani. Mabega huku, miguu kule. Nimemwona kabisa.

Mama akachungulia, akauliza kama msomaji anasoma vizuri. Nikasema vizuri sana. Mungu anisamehe, wakati ule alikuwa anasoma mpiga gitaa.

Jumatano, 25 Juni

Betri zimekwisha. Siku tatu tu! Mashine hii inakula kuliko mtu.

Duka liko ng'ambo ya barabara. Kutoka dirishani naziona betri zenyewe, zimening'inia kwenye karatasi yao juu ya sabuni. Hatua chache. Siwezi. Nikamwomba Mama. Akasema mambo ya mawe ya redio hayajui, atamwambia Sulaimani.

Sulaimani ni shemeji yangu, mdogo wa Asumani. Analima mahindi Busiu, ana mke na watoto huko. Kila Ijumaa huja kuswali mjini, kisha hupita kumwona mama yake.

Ijumaa, 27 Juni

Shemeji ameleta betri. Hakuingia. Ameziweka kizingitini, akasalimia kwa mbali, akaenda kula. Adabu nzuri. Nimezinyakua kama mtoto aliyeletewa mandazi.

Ijumaa, 4 Julai

Betri tena. Sikuomba. Nimemshukuru kupitia kwa Mama.

Jumanne, 8 Julai

Najifunza kubana. Zikichoka nazianika dirishani juani, zikipata moto zinarudisha nyimbo mbili, tatu. Zikigoma nazing'ata kidogo ubavuni. Hiyo ya kung'ata nilijifunza utotoni kambini, Baba alipokuwa askari. Huko ndiko nilikopata na Kiswahili changu. Hapa wakitaka kunisema wanahamia Kigisu, nami najifanya kuhesabu vigae. Vigae vyenyewe hakuna, ni mabati.

Jumamosi, 19 Julai

Maulidi leo. Nyumba nzima imekwenda msikitini. Nimebaki na kuku. Dufu zilisikika mpaka huku, nikavua nyaya masikioni nizisikilize. Nilikuwa nawahurumia kuku kwa kuachwa, kumbe nilikuwa najihurumia mwenyewe.

Kabla ya wengine kurudi, Sulaimani alikuja. Akasimama uani, mgongo kwa jua. Akasema, "Shemeji, mwanamke kama wewe hapana kaa peke yake siku nyingi. Mungu atajalia." Akaweka betri kizingitini. Leo si Ijumaa.

Nimekaa na maneno yale jioni nzima. Kumposa mwanamke aliye eda hakuruhusiwi. Hilo tulifundishwa madrasa. Kudokeza, ruksa. Alikuwa anadokeza.

Alhamisi, 7 Agosti

Jirani, Mama Shabani, amenishika mikono yote miwili na kunipa hongera. Hongera ya nini? Akashtuka. Eti kila mtu anajua nimemkubali Sulaimani.

Nimemwita Mama. Nikamuuliza nilisema lini. Hakukasirika hata kidogo, mikono ikaendelea na mahindi. Akasema mwanaume wa kwao humtumia mjane kitu kidogo wakati wa eda. Asiyetaka hukirudisha kilekile, mbele ya watu. Anayetaka hukila, ananyamaza. "Wewe umekula tangu mwezi wa sita. Ulikuwa unadhani ni za bure?"

Nilidhani ni betri! Nilidhani ni betri tu!

Ijumaa, 8 Agosti

Amekuja. Ameweka betri mahali palepale. Sikuzigusa. Mama akaziinua, akaziweka juu ya mto wangu, taratibu, kama anamlaza mtoto.

Jumapili, 10 Agosti

Niseme kweli hapa, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Sulaimani si mtu mbaya. Hanywi, hapigi. Nikikubali, watu wataacha kunitazama. Nitapewa chumba na shamba, na Mama ataacha kunilinda. Nimechoka. Kuna saa nataka kukubali ili nipate kulala tu.

Kisha nafikiria Ijumaa zote zijazo.

Jumatano, 13 Agosti

Mama amekaa nami leo, ndani, bila mahindi. Akanieleza. Na yeye alirithiwa. Mume wake wa kwanza alikufa, akachukuliwa na ndugu wa mumewe, ndiye aliyewazaa Asumani na Sulaimani. Alilia mwaka mzima. "Sikufa," akasema. Kisha akaniomba nimwonyeshe Asumani alivyokuwa anacheza. Kumbe anajua kuhusu magitaa. Ameyajua siku zote! Nikasimama nikamwonyesha, mabega huku, miguu kule. Akacheka mpaka akajifunika uso na leso. Akasema nikiondoka, nani mwingine atamkumbuka mtoto wake hivi?

Hapo ndipo nilipobanwa kweli. Ukali wake najua kuupinga. Upole huu siujui.

Ijumaa, 22 Agosti

Betri zimerundikana kwenye kopo la maziwa. Tangu nijue, sijatia hata moja. Nazianika zile kuukuu. Leo zimetoa wimbo nusu, sauti nzito, inaburuta, kama mwimbaji kaamshwa usingizini. Kisha kimya. Kopo liko pale. Mkono wangu umelifungua mara mbili, nimelifunga mara mbili. Nimelihamishia chini ya kitanda. Bado naliona.

Jumapili, 31 Agosti

Mke wa Sulaimani amekuja kutoka Busiu na mkungu wa ndizi. Jina lake Rukia. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya salamu za mazishi. Nilitegemea matusi. Ningeyapokea.

Amekaa mkekani, akaitazama mashine muda mrefu. Akaomba kuishika, nikampa. Akaipindua, akafungua kule nyuma, akazitazama zile betri zilizochakaa, zina alama za meno yangu. Akasema redio yake ni ndogo, inatumia hizihizi. Ni ya kusikilizia akiwa shambani. Akasema, "Redio yangu imenyamaza tangu Juni."

Basi. Akairudisha mashine mikononi mwangu kwa adabu, akamenya ndizi na Mama, akaondoka.

Mimi nimesikiliza magitaa na yeye amelima kimya. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Nilikuwa najiona mfungwa wa nyumba hii peke yangu.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimemwandikia Zaina. Aje siku ya kutoka eda. Alete betri mpya za kulipia nilizokula, zote, azidishe badala ya kupunguza. Mashine ikibidi aiuze baadaye. Dereva ameichukua barua. Sina uhakika kama atafika nayo.

Ijumaa, 12 Septemba

Sulaimani kaja na fundi wa kupima dirisha la chumba atakachonijengea. Amenisemesha kwa sauti ya mwenye nyumba. Mama amenunua kitambaa cha gomesi, lile vazi refu la heshima, rangi ya machungwa, kizuri. Akaniambia nikishone mwenyewe maana ufundi ninao mwilini. Nimekikunja.

Zaina hajajibu.

Jumatano, 17 Septemba

Eda imekwisha leo. Naandika haraka.

Nimeoga, nimevaa nguo safi. Wanawake wamejaa ndani, wanaume barazani, dua imesomwa. Zaina alifika dua ikiwa katikati, vumbi la njiani mpaka kwenye nyusi, mfuko kifuani. Nilitaka kumrukia.

Baada ya dua mjomba wao akasafisha koo. Akasema sasa ni ruksa kusema wazi kilichokuwa kinasemwa kwa dokezo, na kwa kuwa mjane ameonyesha ridhaa tangu zamani, neno ni fupi. Watu wakageuka kunitazama.

Nimetoka mpaka mlangoni. Nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Sikukubali. Nilikula kwa kutojua. Leo narudisha." Nikamnyooshea Sulaimani kopo na mfuko wa Zaina pamoja. Hakupokea. Aliweka mikono nyuma kama askari mbele ya afande. Mjomba akasema betri zilizoliwa zimeliwa. Nikamsogezea tena, kopo likaniponyoka, betri zikabingirika barazani kote, chini ya viti, kati ya viatu vya watu.

Hakuna aliyeinama. Kisha Rukia akatoka kati ya wanawake, akapiga magoti, akaanza kuziokota moja moja, anazitia ndani ya leso yake. Akaokota hata zilizokuwa miguuni kwa mumewe. Alipomaliza akafunga fundo, akasimama, akasema, "Zimefika kwetu." Akaenda akasimama kando ya Mama.

Sulaimani akatoka kwenda uani. Mjomba akatazama viatu vyake. Hakuna aliyesema tena neno la ndoa.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeaga. Mama alikuwa mlangoni na mahindi yake. Nilimpigia magoti. Hakuniangalia. Nikamwekea kile kitambaa cha machungwa mapajani, nimekishona usiku kucha kwa mkono, kwa kipimo chake yeye. Akakishika mshono, akautazama kwa karibu. Akasema mshono umenyooka. Kisha akasogeza beseni nipite.

Jumapili, 28 Septemba

Mpumudde. Nalala kwa Zaina mpaka nipate chumba. Cherehani nimeitia mafuta, inakwenda vizuri. Mteja mmoja, gomesi ya harusi.

Mashine bado ninayo. Zaina amekataa iuzwe.

Leo baada ya alasiri nimekwenda dukani mwenyewe. Nimenunua betri mbili. Mwenye duka hakuniuliza kitu, akarudi kwenye mazungumzo yake. Nimezitia palepale barazani, nikavaa nyaya, nikaanza safari ya nyumbani kwa miguu. Imeruka kila hatua. Neno, kimya, neno, kimya. Mhindi alisema kweli.

Kulikuwa na benchi mbele ya kinyozi. Nimelipita. Nimeiacha iruke mpaka nyumbani.