Kidude Kilichochelewa

Mutuini

Mpendwa Wanjiru,

Huku mvua haiishi, na magoti ya bibi yako, cucu, yanamsumbua. Anakusalimu sana.

Umeniuliza kwa nini nagusa friji kwa mgongo wa mkono kabla ya kuifungua.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha kuchapa huko mjini. Tulikuwa wawili, mimi na Wafula, mtu wa Bungoma. Yeye ndiye aliyenifundisha: "Gusa na mgongo wa mkono, bwana. Stima ikishika vidole vinajikunja, huwezi kuachilia."

Lakini swichi ya kuwasha mashine hatukuwahi kuishuku. Asubuhi moja Wafula aliibonyeza kwa kidole, kama siku zote. Ndani waya ulikuwa umechubuka, na stima yote ikarudi hadi kwenye chuma cha swichi. Tulimsindikiza kwao Bungoma, tukamzika. Hayo mengine niyaache.

Baadaye mwenye kiwanda akaleta kidude cheusi, kidogo kama haragwe. Ndani yake mna taa na jicho. Ukibonyeza swichi, taa inawaka, jicho linaiona, mashine inaanza. Kati ya taa na jicho hamna waya, ni mwanga tu, kwa hivyo stima haina njia ya kukurudia.

Wenzangu wakaanza kubonyeza bila wasiwasi. Mimi nilikielewa kuliko wao, lakini hadi nilipostaafu niligusa swichi kwanza kwa mgongo wa mkono. Kidude hakikuwa na kosa. Kilichelewa tu, na mkono wangu haujakisamehe.

Ni mimi babu yako,
Guka