Kiti cha Pili

Baba Wawira,

Nakuandikia nikiwa kwenye meli, huku Ujerumani, juu ya mto unaoitwa Rhine. Usicheke. Ni ile safari ambayo binti yetu alitualika sisi wawili, kabla moyo wako haujasimama pale shambani. Mwaka wa kwanza nilikataa katakata. Nilimwambia siwezi kwenda kustarehe na wewe uko mchangani. Mwaka huu Wawira hakuuliza, alituma tiketi tu, nami nikapakia nguo huku nikinung'unika.

Meli yenyewe ni ndefu na ina vyumba kama hoteli. Haina haraka. Kazi ya mgeni ni kula, kukaa na kutazama vijiji vikipita, na hiyo ya kukaa ndiyo iliyonishinda.

Leo nimeamka saa kumi na moja, saa yetu ya kujiandaa kwenda kuchuma chai. Nimetandika kitanda changu, na cha Wawira alipoingia tu kuoga. Nikapangusa vumbi ambalo halikuwepo. Nikafua taulo na kuzianika kwenye vyuma vya baraza, zikapepea juu ya mto kama niko nyumbani Kianjokoma. Msichana anayesafisha vyumba alipofika, Mfilipino wa umri wa Wawira, alisimama mlangoni akashika mdomo. Hakukasirika, aliogopa. Wawira alinitafsiria: alitaka kujua amekosea wapi hadi mgeni ajifanyie kazi, na akaomba tusimwambie mkubwa wake.

Niliona aibu sana. Mimi nilidhani namsaidia. Kwetu mgeni mwenye adabu huingia jikoni akamenya viazi na wenyeji. Akikaa tu kama mfalme, atasemwa hadi mwezi uishe. Nikakusanya taulo zangu mbichi, nikamwomba radhi. Akanishika mkono akanionyesha ngazi ya kwenda juu, kwenye viti. Yaani nimefukuzwa kazi, Baba Wawira.

Juu kulikuwa na viti viwili na meza ndogo katikati. Nikakalia kimoja. Kwenye kile kingine nikaweka mkoba, halafu nikaona si vizuri, nikautoa, nikaweka pasipoti yako. Ndiyo, nimekuja nayo. Haina muhuri hata mmoja, na kwenye picha umekunja uso kama uliyegombana na mpiga picha. Nimeiwekea kisahani juu isipeperuke.

Ungependa hapa. Kando zote mbili ni vilima vya mizabibu, imepandwa kwa mistari iliyonyooka kwenye mteremko ambao hata mbuzi wako wangeukataa. Nimewaona watu wakivuna, wameinama na ndoo, na migongo ya namna hiyo naijua. Mikono ikaniwasha. Nikawapungia, mmoja akanipungia. Meli ikapita, wakabaki na kilima chao, na hakuna aliyenihitaji.

Hapo nikakukumbuka ukiwa kwenye benchi lako nje ya jiko, Jumapili baada ya kanisa, kikombe mkononi, ukigonga ubao kando yako. "Keti kidogo, Mama Wawira. Majani hayatoroki." Nami sikukosa sababu: kuku, maharagwe, sare za watoto. Miaka thelathini na nane. Moyoni nilikuwa nasema huyu mzee anapenda starehe. Leo, nikitazama hiki kiti cha pili, nimeelewa kwamba ulikuwa unaniita. Imeniuma, sikufichi. Nimelia, miwani ya jua ya Wawira ikanisitiri.

Lakini sikuinuka. Wameleta chai, ya maji matupu na tone la maziwa, ungewahurumia, nami nikainywa yote. Kanisa likapita, bata wakapita, mama mmoja akapita kwa baiskeli ukingoni na mbwa kwenye kikapu. Jua lilikuwa la upole. Nilikuwa nimetulia kweli, mwili wote. Na mimi ambaye sijawahi kulala mchana isipokuwa nikiwa nimejifungua, usingizi ukanichukua papo hapo kitini. Unajua kwetu mwanamke akilala mchana watu huuliza ni malaria au ni nini. Hata Wawira aliponikuta alinishika paji la uso. "Mum, kwani uko mgonjwa?"

Nikamwambia, "Mimi si mgonjwa, nimekaa na baba yako."

Akaitazama pasipoti. Hakuigusa. Aliketi chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti langu, tukakaa hivyo hadi wakatuita kula.

Kesho kutwa tunashuka. Lala salama, mzee wangu, na asante kwa kuniita miaka yote hiyo bila kuchoka. Nakuahidi hivi: Jumapili ya kwanza nikifika nyumbani, kuku watangoja. Nitatoka na kikombe changu niketi kwenye benchi letu, ule upande wangu, ambao rangi yake haijachakaa hata leo.

Mama Wawira