Upande wa Kushoto wa Gari la Bosi

Jumatatu, 4 Machi

Gari limefika. Jeusi tii! Bosi kalinunua, mume wangu, Baba Kitinda, ndiye atakayeliendesha, na litakuwa linalala hapa uani kwetu kwa sababu alfajiri lazima awe mlangoni kwa Bosi kabla hajamaliza chai yake. Majirani wote wamekuja kujitazama kwenye milango. Na mimi nimejitazama. Nimezeeka.

Halafu masharti. Lisipelekwe kwa waosha magari wa barabarani. Lisiguswe na sponji. Lile la zamani lilijaa mikwaruzo mpaka likafanana na sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, na dereva aliyekuwa nalo akaambiwa ahsante sana, nenda kapumzike. Mpaka leo anapumzika. Mume wangu kanisimulia hayo huku anacheka. Mimi sikucheka.

Na maji je? Bomba la hapa linatoa maji likijisikia, na mwenye nyumba kapiga marufuku kuosha gari uani. Baba Kitinda anasema siku hizi kuna dawa, unaosha bila kusuuza. Bila kusuuza! Si ndiyo kulisugulia vumbi lenyewe kwenye rangi? Nimeanza kuogopa kabla hata hatujashika ndoo.

Jumanne, 5 Machi

Dukani kwa Mapovu. Wanamwita hivyo kwa kuwa anaamini hakuna uchafu duniani usioondoka kwa povu. Dawa yenyewe haitoi povu hata kidogo, unaona kabisa imemkata maini, lakini anaiuza hivyo hivyo.

Katutolea chupa tatu. Baba Kitinda akanisukumia mimi nisome maelezo — miwani kasahau nyumbani. Nikasoma: kifuniko kimoja kwa ndoo ya maji, usisuuze, usioshe juani. Moja ilikuwa na nta humo humo ndani. Nikaikataa. Nta inafunika, na mimi nataka kuona kila kilichopo. Tukachukua ya bluu, ya kawaida, na chupa ya kupulizia.

Vitambaa sasa — hapo Mapovu alikutana na fundi cherehani! Kaleta furushi la bei rahisi, kwa macho laini, lakini ukikipitisha kitambaa kwenye kiganja kinakwama kwama. Nyuzi fupi, zimebana. Vumbi halina pa kuzama, litabaki juu juu likichora. Nikataka vyenye manyoya marefu. Halafu ukingo: vingi vimepindwa kwa uzi wa nailoni, mgumu kama mswaki. Nikachagua visivyo na pindo, na lebo nitazifumua mwenyewe kwa wembe. Mapovu akachoka. Eti, shemeji, unanunua kitambaa au unachagua mchumba? Nikamwambia mchumba ni rahisi, ukikosea unazoea.

Baba Kitinda alicheka mpaka akaigonga rafu ya kushoto, makopo yakamwagika sakafuni. Duka lenyewe finyu.

Alhamisi, 7 Machi

Tumeosha!

Vitambaa vyote ndani ya ndoo moja ya dawa. Kwanza unapulizia, unasubiri vumbi lilegee. Kisha unapitisha kitambaa mara moja, moja kwa moja, bila kukandamiza, bila kuzungusha. Kimekunjwa, kwa hiyo uso mmoja ukichafuka unageuza mwingine. Uliochafuka haugusi gari tena. Kikianguka chini basi, hicho cha matairi. Unaanza paa, unamaliza na chini kwenye tope. Halafu taulo kavu.

Mapovu alitupa na siri: vaa mfuko wa plastiki mkononi, ule mwembamba, upapase rangi iliyokauka. Mkono mtupu unakuambia laini. Mkono wenye mfuko unasikia kila chembe iliyobaki. Nimejaribu — kweli! Nilishtuka kama nimeguswa na mtu gizani.

Baba Kitinda kaupenda huo mfuko. Kapapasa gari zima, uso ameuinua juu kama anayesikiliza taarifa ya habari. Nikamwonea fahari, mume wangu, anafanya kazi kwa vidole kama mimi. Akaniuliza, "Pamebaki?" Nikazunguka. Kulia kunang'aa. Kushoto, chini ya mlango wa nyuma, kuna mstari mzima wa vumbi, kama aliuruka. Nikaufuta mwenyewe, nikasema hapajabaki. Kachoka, maskini.

Jumamosi, 9 Machi

Tena kushoto. Na safari hii si mstari, ni robo ya mlango. Nikamtania, upande huu umekukosea nini? Akanijia juu. "Basi osha wewe!" Miaka yote tuliyoishi pamoja hajanipandishia sauti kwa jambo dogo namna hiyo.

Mchana, mezani, Kitinda wetu kafungua mdomo. Huwa anapanda gari asubuhi, baba yake anamshusha shuleni akienda kumchukua Bosi. Anasema baba siku hizi akiendesha anageuza shingo kama kuku. Akaiga. Anasema tena juzi walimpita mwalimu amesimama kushoto, getini kabisa, anapunga mkono, baba hata hakumwona. Tukacheka wote. Hata yeye. Mimi ndiye nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kisha nikakaa kwenye cherehani nikashindwa kutunga uzi.

Jumapili, 10 Machi

Nimefanya jambo baya. Nimemjaribu mume wangu.

Alikuwa ameketi barazani anapangusa viatu. Nikaja taratibu nikasimama kushoto kwake, karibu kiasi kwamba ningeweza kumnyoosha kola. Nikanyamaza. Nikainua mkono. Nikaupunga. Yeye anapiga mluzi tu, anapangusa. Nikausogeza mkono mbele polepole, polepole, na haukumshtua mpaka ulipokaribia pua. Aliruka! "We mwanamke, umetokea wapi?"

Nilikuwa hapo muda wote, Baba Kitinda.

Sikumwambia. Nikasema nilikuwa natafuta sindano iliyoanguka. Akainama kunisaidia kuitafuta. Upande wa kulia.

Naogopa. Naandika neno lenyewe labda litapungua. Halipungui.

Jumatatu, 11 Machi

Nimesema. Nilijaribu kwanza kuuma na kupuliza, nikaona napoteza muda, nikamuuliza moja kwa moja: jicho la kushoto lina nini?

Kakuna sikio. Huyu akitaka kudanganya lazima akune sikio. Eti uchovu. Eti vumbi. Nikamtazama tu. Mwisho akakaa kitandani, mikono katikati ya magoti, akasema limeanza zamani, pembeni pembeni kama pazia, na sasa pazia limefika katikati. Akasema akilifunga la kulia, mimi sina uso.

Nikalia. Nikamwambia twende kwa daktari wa macho kesho, tumwambie Bosi, aache usukani. Akanishika mkono. "Nikisema leo, kesho sina kazi. Mwache mtoto amalize mtihani wake kwanza. Njia nazijua kwa moyo, nageuza shingo, naenda polepole." Kisha akasema wanachoweza kugundua ni gari tu, likionekana chafu upande mmoja kila siku. "Wewe nioshee kushoto. Uwe jicho langu."

Kweli alisema hivyo. Mtu akikuomba uwe jicho lake unamjibu nini?

Nimekubali. Sijui hasa nimekubali nini.

Jumatano, 13 Machi

Roho juu tangu asubuhi. Simu ikilia nadhani ndiyo hiyo. Jirani kaniletea gauni la kupunguza, nikalipunguza mara mbili. Wamerudi salama. Wote wawili.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekuwa bingwa wa upande wa kushoto. Bosi kamwambia hajawahi kuona gari linatunzwa hivi!

Lakini hii kazi ya bila kusuuza ina ubaya wake. Maji ya mpira yangeondoa kila kitu hujatazama hata kidogo. Hii inakulazimisha uchungulie kabla ya kugusa, maana ukiburuza jiwe umekwisha. Kwa hiyo nachungulia. Na vumbi linasema. Hapa alikanyaga dimbwi. Hapa kuna jani limebandika. Leo kulikuwa na michirizi myembamba tangu taa ya mbele hadi mlangoni, na kijiti cha kijani kwenye kitasa. Uzio wa miti. Kausugua uzio wa miti kwa gari la Bosi! Ilikuwa kwenye vumbi tu, haikufika kwenye rangi, nikapitisha mfuko kuhakikisha. Nikapulizia. Nikafuta.

Akauliza, "Pamebaki?"

"Hapajabaki."

Anaendesha huku mtoto wangu ameketi upande uleule ulioparuza uzio, na mimi nafuta ushahidi kwa kitambaa nilichokichagua mwenyewe! Nimeyafumbia macho macho ya mume wangu.

Jumapili, 17 Machi

Nimemwambia Kitinda kuanzia kesho atakwenda shule kwa miguu. Kisingizio: mazoezi. Kanuna. Baba yake amenitazama muda mrefu, kwa kugeuza shingo. Ameelewa. Sijawahi kumkosea heshima kiasi hiki, na sijutii.

Lakini nimemtoa mtoto wangu tu. Bosi bado anapanda. Na barabara imejaa watoto wa wengine.

Jumatatu, 18 Machi

Naandika haraka. Nimemwambia naingia ndani kuchukua taulo kavu. Taulo liko mapajani.

Karudi na furaha leo. Bosi kamsifu, gari halina hata unywele wa mkwaruzo, na kuanzia kesho atawachukua pia wajukuu zake shuleni. Kwa sababu anamwamini! Tukachanganya dawa. Yeye kulia, mimi kushoto, kama kawaida yetu. Nikainama kwenye pembe ya mbele nipulizie — mkono ukabaki hewani.

Kiganja. Kiganja cha mtu kimepigwa kwenye vumbi. Vidole vyote vinaonekana, wazi kabisa, halafu vinaburuzika kwenda nyuma, juu ya mlango wa mbele, juu ya mlango wa nyuma, vinafifia, vinaisha. Na kioo cha pembeni kimekunjwa kwa ndani. Mimi sijakigusa.

Nikaweka mkono wangu juu yake bila kugusa. Kiganja kile ni kidogo kuliko changu.

Nikamuuliza: leo njiani kulikuwaje? Akasema shwari kabisa. Hukusikia kitu? Mtu kugonga gari? Akasema hapana, alikuwa amefungulia redio. Nikamchungulia juu ya boneti. Hakukuna sikio.

Hadanganyi. Hajui! Mungu wangu, hajui chochote.

Labda gari lilikuwa limeegeshwa, mtoto akalichezea. Labda mtu aliegemea. Lakini mtu akiegemea vidole haviburuziki hadi nyuma. Labda aliruka pembeni, akatukana, akaenda zake. Nimeangalia chini ya mlango, nimeangalia tairi. Vumbi tu. Naona vumbi tu. Sijui kama naona vizuri.

Kitinda yuko mezani na vitabu vyake, mzima, karudi kwa miguu. Nimepita nikamshika mkono, nikaufungua, nikautazama. Kashangaa. Ni ukubwa uleule.

Nikipulizia mara moja tu, vumbi litalegea. Kitambaa mara moja, moja kwa moja, bila kukandamiza. Hakuna cha kusuuza. Gari litalala linang'aa, na kesho wajukuu wa Bosi watapanda, na mimi nitakaa kwenye cherehani nikisikiliza simu. Yule mwenye kiganja sijui amelala wapi leo. Sijui kama ana mama anayemuuliza, ni gari gani? Na yeye atasema nini? Jeusi. Linang'aa.

Ananiita. "Mama Kitinda! Kwako pamebaki?"

Funguo za gari nimeshazitoa msumarini. Nimezifunga ndani ya taulo.

"Mama Kitinda! Pamebaki?"

Nimejibu. Nimesema pamebaki. Sauti imetoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka Kitinda ameinua kichwa.

Kaweka ndoo chini. Anakuja — namsikia, mkono wake unapapasa ukuta, upande wa kushoto, anautafuta mlango, na mlango uko wazi