Ukingo Nilioupiga Randa

Fundi Athumani,

Nimekasirika. Nilisubiri arobaini yako ipite nikidhani hasira itapungua, haikupungua.

Kila Alhamisi ulinituma Beltsville kufuata mbao, kumbe ni ujanja wako uende hospitali nisikuone. Miaka tisa niko chini ya mkono wako, ukiniita naitika "Naam" hata jina halijaisha, halafu unaniambia ni mgongo tu! Mgongo gani unaua mtu?

Jana, mara ya kwanza tangu uondoke, niliingia karakana yako, ile gereji ya nyumbani kwako Hyattsville, kumalizia rafu za mteja. Nikakuta ubao wa mwaloni umeegemezwa pale ninapotundika koti langu. Ukingo wake una mikato mikato. Nikasema basi tumeuziwa mbao mbovu. Nikafanya ulichonifundisha siku ya kwanza kabisa: ubao ukiingia, nyoosha ukingo kwanza. Nikausukuma kwenye mashine ya randa.

Mkeo, bado yuko edani, akapiga kelele toka mlango wa jikoni: "Hamadi, zima! Mzee amekuandikia!"

Nilizima. Mikato ilibaki kama shibiri moja tu, upande wa chini.

Ogam, Fundi! Zile herufi za kale za Waairishi, zinazokatwa ukingoni kutoka chini kwenda juu, kila moja ikiitwa kwa jina la mti wake. Ulizipata kwenye kitabu cha yule mteja wa Gaithersburg, ukawa huna habari nyingine. Kwenye vijiti ulivyokuwa ukizikatia nilizizoea, kwenye ubao mzima sikuzitarajia. Nami nilikucheka, nikasema sisi tuna herufi za kutosha. Ukanijibu, "Hawa walikuwa maseremala, wenzetu." Sikujifunza hata moja, na ulijua! Mdomo ulikuwa nao. Simu ulikuwa nayo. Ungenipigia ningekuja mbio.

Nilibandua ile karatasi yako ya herufi ukutani, nikasoma nikifuatisha kwa kidole. Shibiri iliyobaki ni jina langu. Hamadi. Mikato yenyewe ya juujuu, mkono wako ulikuwa umeshaisha nguvu. Yaliyofuata yote ni maranda sakafuni. Uliniita, na ulichoniitia sitakijua. Nililia pale kama mtoto. Nakulaumu, najilaumu, sijui nani zaidi.

Lala, Fundi wangu. Ubao huu siuuzi wala siugeuzi rafu. Nitajifunza herufi zote ishirini, mti kwa mti, kisha juu ya jina langu, pale nilipopafuta, nitakata kwa mkono wangu: Naam.